Waliotafutwa Hawakuwa Wamepotea

Msafiri atokaye Mombo kwenda Lushoto hupanda barabara ya kilomita zipatazo 33 iliyochongwa ubavuni mwa mlima. Joto la bonde la Mkomazi humwacha polepole, kona hufuata kona, maporomoko ya Soni hungurumia kando ya njia, na afikapo juu hujikuta katika mji wa baridi na ukungu. Wajerumani waliupenda mji huu hata wakauita Wilhelmstal, yaani Bonde la Wilhelm, kwa heshima ya Kaisari wao. Jina hilo lilikwenda pamoja na utawala wao. Lushoto imebaki Lushoto.

Milima hii ya Usambara imekwisha kupokea wageni wengi: wafanyabiashara, wapimaji wa ardhi, wamisionari, wataalamu wa lugha na wapenda mimea. Wengi wao walikuja wakiwa na swali moja midomoni: “Ninyi ni akina nani, na mlitoka wapi?” Swali hilo si baya. Ubaya huja pale muulizaji anapokuwa na jibu lake mfukoni kabla hajafungua kinywa.

Mojawapo ya majibu hayo ya mfukoni ndilo tunalotaka kulizungumzia katika makala haya. Ni ile hadithi ya makabila kumi ya Israeli yaliyopotea. Wasomaji wengi wamepata kuisikia, ama katika mkutano wa injili, ama kwa jirani, ama kwa kijana wa nyumbani aliyesoma mahali. Huyu atakuambia kwamba Wamasai ni Waisraeli. Mwingine atakuambia kwamba watawala wa kale wa nchi za Maziwa Makuu walikuwa uzao wa Mfalme Daudi. Wako Wakristo waliolichukua jambo hili kuwa wito wa maisha yao, wakaacha nyumba na jamaa ili wawatafute hao waliopotea. Baadhi ya njia walizopita zilifika hapa kwetu, au karibu kabisa na hapa. Yafaa basi tujue walitafuta nini, walikuta nini, na sisi tulipata nini kutokana na utafutaji huo.

ASILI YA HADITHI

Biblia yasimulia kwamba baada ya Mfalme Sulemani ufalme wa Israeli uligawanyika. Kusini ukabaki ufalme wa Yuda na mji wake wa Yerusalemu; kaskazini yakawa makabila kumi, na mji wao mkuu ukawa Samaria. Yapata mwaka 722 kabla ya Kristo, Waashuri waliuteka mji wa Samaria na kuwahamisha watu wengi kwenda nchi za mashariki. Habari hiyo imo katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, nayo yathibitishwa na maandishi ya Waashuri wenyewe.

Wataalamu wa historia hueleza kwamba si watu wote waliochukuliwa. Wengine walibaki katika nchi yao, wengine walikimbilia Yuda, na wale waliohamishwa walichanganyika na wenyeji wa huko walikopelekwa, kama ilivyo desturi ya wanadamu wanapokaa pamoja kwa vizazi vingi. Lakini imani haikukubali kwamba watu wa Mungu wangeweza kuyeyuka kama chumvi majini. Ikasemwa kwamba wako mahali, ng’ambo ya mito, wakingoja siku ya kurudishwa. Kwa hiyo katika karne zilizofuata, kila Mzungu alipokutana na watu asiowajua, aliuliza kama si wao. Walidhaniwa kuwa Amerika, Uhindi, Afghanistani, na mwisho Afrika.

MTU ALIYEITWA KUTAFUTA

Mfano mkubwa wa wito huo ni Joseph Wolff. Alizaliwa mwaka 1795 huko Bavaria, mwana wa mwalimu wa dini ya Kiyahudi. Alibatizwa katika Kanisa Katoliki mwaka 1812, akasoma Roma, akagombana na wakuu wake, kisha akaenda Uingereza na kujiunga na Kanisa la Kianglikana. Tangu mwaka 1821 alianza kuzunguka nchi za Mashariki akiwahubiria Wayahudi na kuulizia habari za makabila kumi.

Safari zake hazikuwa za starehe. Alipita Uajemi, akatekwa na wanyang’anyi huko Khorasan, akafika Bukhara, akaendelea mpaka Afghanistani na Uhindi. Mwenyewe alisimulia kwamba njiani kuelekea Kabul alinyang’anywa kila kitu hata nguo za mwilini. Mwaka 1836 alifika Ethiopia, ambako alimkuta mmisionari Samuel Gobat akiwa mgonjwa, naye akaiacha safari yake mwenyewe ili amsindikize mwenzake hadi pwani.

Msomaji aweza kumcheka Wolff, kwa maana alikuwa mtu wa vituko. Lakini mtu anayekubali kutembea uchi kwa ajili ya jambo analoliamini hastahili kudharauliwa. Na tendo lake lililo bora kuliko yote huenda likawa hilo la Ethiopia: alikwenda kutafuta makabila kumi, akampata mtu mmoja mgonjwa, naye akaona kwamba huyo mmoja atangulie.

Huko Ethiopia kulikuwa na watu waliofuata Torati, walioshika Sabato na kujiita Beta Israel, maana yake Nyumba ya Israeli. Majirani zao waliwaita Falasha, jina lenye maana ya wageni au watu wasio na ardhi. Mwaka 1860 alifika kwao Henry Aaron Stern, naye pia Myahudi aliyekuwa Mkristo, akitumwa na chama cha London kilichoundwa mwaka 1809 kuwahubiria Wayahudi. Stern aliishia kufungwa minyororo na Mfalme Tewodros tangu mwaka 1863 hadi 1868.

Wengi wa Beta Israel hawakuhitaji mgeni wa kuwaambia kwamba walikuwa Israeli; walijiita hivyo tangu zamani. Ni wengine waliohitaji muda kuwasadiki. Mwaka 1973 mmoja wa marabi wakuu wa Israeli, Ovadia Yosef, alitamka kwamba wao ni wa kabila la Dani. Mwaka 1975 serikali ya nchi hiyo ikawakubali, na mwezi Mei 1991, kwa muda usiozidi siku mbili, watu zaidi ya 14,000 walisafirishwa kwa ndege kutoka Addis Ababa. Wapo wataalamu wasemao kwamba jamii hii ilikulia Ethiopia yenyewe, miongoni mwa Waagau. Mabishano hayo hayajaisha, na hayapunguzi hata kidogo haki ya watu hao kujiita jina lao.

KRAPF MBELE YA KIMWERI

Mwaka mmoja tu baada ya safari ya Wolff, yaani 1837, aliingia Ethiopia Mjerumani mwingine, Johann Ludwig Krapf, aliyezaliwa mwaka 1810 na kufunzwa Basel. Yeye hakutafuta makabila kumi. Shauku yake ilikuwa kuwafikia Waoromo, na baadaye kupanga mlolongo wa vituo vya injili kutoka pwani ya mashariki ya Afrika mpaka ya magharibi. Njia ya Ethiopia ilipofungwa mbele yake mwaka 1842, alizunguka kwa bahari. Mwaka 1844 alifika Unguja na Mombasa, na mwezi Julai mwaka huohuo akamzika mke wake, Rosine, pamoja na mtoto wao mchanga.

Mwaka 1848 Krapf alipanda Usambara. Alimkuta Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Vuga, mwenye kujulikana kwa cheo cha Simba Mwene, yaani Simba Mwenyewe. Hapa ndipo msomaji anapopaswa kusimama kidogo. Mgeni huyu, aliyezoea kusikia kwamba bara la Afrika ni giza tupu, alikuta nchi yenye mfalme mmoja, yenye watoto wa mfalme waliowekwa kutawala wilaya mbalimbali, yenye kodi, yenye baraza la hukumu, na yenye njia ambazo mtu alizipita kwa usalama akiwa na ruhusa ya mfalme. Kimweri alimpokea kwa heshima na kuonyesha kwamba angekubali walimu waje. Krapf alirudi tena mwaka 1852.

Krapf alifanya pia jambo jingine ambalo faida yake bado tunaila hadi leo: alisikiliza maneno. Mwaka 1850 alichapisha sarufi ya Kiswahili, na mwaka huohuo kitabu cha msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki zilizowekwa bega kwa bega. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka mwaka 1882, baada ya kifo chake. Kwa kuyapanga maneno hayo, ilionekana wazi kwamba lugha za sehemu hizi ni ndugu. Kisambaa, Kibondei, Kizigua, Kiswahili na mamia ya lugha nyingine kuelekea kusini ni matawi ya mti mmoja, ule uitwao Kibantu. Huo ndio ukoo uliokuwa ukitafutwa, na ulikuwa midomoni mwa akina mama sokoni, wala haukujificha ng’ambo ya mto wowote.

MWINDAJI ALIYETUPWA NA WAKE

Na kama Krapf angeuliza kuhusu mtu aliyepotea, wazee wa Vuga wangemsimulia habari za Mbegha. Masimulizi hayo yaliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy katika kitabu cha Habari za Wakilindi, ambacho ni miongoni mwa hazina kubwa za historia iliyoandikwa na wenyeji wa nchi hii.

Yasemekana Mbegha alizaliwa Nguu, katika nchi ya Wazigua. Meno yake ya juu yaliota kwanza, jambo lililohesabiwa kuwa mkosi, na mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego. Wazazi wake hawakukubali kumpoteza. Lakini alipokua, na wazazi wamekufa, ndugu zake walimnyima urithi, wakamkataa. Akakimbia na mbwa wake wa kuwindia, akakaa Kilindi, akapata msiba mwingine huko, akakimbia tena mpaka misitu ya Usambara. Huko aliwinda nguruwe mwitu waliokuwa wakiharibu mashamba. Wenyeji waliona moshi wa moto wake wakamwendea. Akawapa nyama, nao wakampa chakula cha shambani. Sifa zake zikaenea toka kilima hiki hadi kile, na watu wa Vuga wakamwita. Usiku mmoja akaua simba, na watu wakamshangilia kwa jina la mnyama huyo. Hivyo ndivyo nasaba ya Wakilindi ilivyoanza.

Hatuwezi kuapa kwamba kila neno katika simulizi hilo lilitokea vivyo hivyo. Lakini maana yake ni kubwa. Wasambaa walipojieleza wenyewe, hawakusema kwamba mfalme wao alitoka kwa taifa teule la mbali. Walisema alikuwa mtu wa jirani, aliyekataliwa kwao, akapokelewa na wao kwa sababu alikuwa na manufaa na hakuwa mchoyo wa nyama. Kwa ufupi, walimpokea aliyepotea, wala wasimuulize nasaba.

AFISA NA WAMASAI

Milango ya Usambara ilipofunguka kwa wamisionari, Walutheri wa Kijerumani walianza kazi Mlalo mwaka 1891, na baadaye wakaenea Vuga na Bumbuli. Shule na hospitali zilizotokana na kazi hiyo, pamoja na kanisa ambalo leo ni Dayosisi ya Kaskazini Mashariki yenye makao yake Lushoto, zajulikana na kila mkazi wa milima. Lakini pamoja na misheni ulikuja pia utawala wa bunduki, na pamoja na bunduki ukaja udadisi wa namna nyingine.

Huko Moshi alikuwako afisa wa jeshi la Wajerumani aitwaye Moritz Merker. Mwaka 1904 alichapisha kitabu kikubwa juu ya Wamasai, na kwenye jalada lake aliwataja kuwa taifa la Kisemiti la Afrika Mashariki. Ndani yake aliandika masimulizi aliyosema ameyapata kwa wazee: mtu wa kwanza na mke wake katika bustani, gharika, na mtu mwema aliyeokoka ndani ya chombo. Akahitimisha kwamba Wamasai na Waebrania wa kale walikuwa taifa moja.

Kitabu hicho kina habari nyingi za thamani kuhusu ng’ombe, marika na desturi za Wamasai. Lakini hoja yake kuu haikusimama. Watafiti waliofuata hawakuyathibitisha masimulizi yale jinsi alivyoyaeleza, na wapo walioona kwamba huenda yaliingia kwa njia ya mafundisho ya Kikristo. Lugha nayo yatoa ushahidi wake. Kimaasai si ndugu wa Kiebrania. Ni lugha ya Kinailoti, jamaa ya Kiteso na Kiturkana. Na yafaa msomaji ajiulize: mzee anapohojiwa na afisa mwenye askari nyuma yake, na afisa huyo anaonyesha furaha kila asikiapo habari inayofanana na kitabu chake kitakatifu, mzee huyo atajibu vipi?

WALIOKATAA KUPOTEA

Sasa turudi Lushoto, kwa maana mfano ulio bora kuliko yote umo humuhumu milimani. Katika nyanda za juu za Usambara Magharibi wanaishi Wambugu, ambao zamani walijulikana hasa kwa kufuga ng’ombe katika malisho ya kandokando ya msitu. Masimulizi yao husema kwamba walitoka kaskazini, nchi wanayoiita Lukipya, ambayo huhusishwa na Laikipia ya Kenya, na kwamba walisukumwa na vita vya Wamasai, wakapita Upare kabla ya kufika Usambara.

Lugha yao iliwashangaza wataalamu karibu karne nzima. Wambugu wanazo namna mbili za kusema. Moja, Kimbugu cha kawaida, inakaribiana sana na Kipare. Nyingine, iitwayo Kima’a au Kimbugu cha ndani, ina sarufi ileile, viambishi vilevile na mpangilio uleule, lakini maneno yake mengi ni mageni kabisa kwa Mbantu: ni ya Kikushi, jamaa ya lugha kama Kiiraki cha Mbulu na Kioromo, pamoja na maneno ya Kimaasai. Kwa mtu mwenye hadithi mfukoni, hapa palikuwa pazuri mno. Watu wachache, wafugaji, wametoka kaskazini, wana lugha ya siri: wangekuwa nani kama si waliopotea?

Mtaalamu wa Kiholanzi, Maarten Mous, alifanya kazi ya subira. Alikaa na wenyeji, akasikiliza, akaandika, na mwaka 2003 akatoa kitabu kinachoeleza jinsi lugha hiyo ilivyoundwa. Maelezo yake kwa ufupi ni haya: wazee wa Wambugu walipokuwa wakihama lugha yao ya zamani na kuchukua ya majirani, hawakutaka kumezwa. Wakahifadhi maneno yao, wakaongeza mengine kutoka kwa watu waliowajua, na kuyavika sarufi waliyokuwa wakiitumia kila siku. Wakapata lugha ya kuambiana, “Sisi bado ni sisi.”

Ndugu msomaji, hili ni jambo la kutafakari. Watu ambao mgeni angewahesabu kuwa kabila lililopotea ndio hasa waliokataa kupotea. Hawakungoja kuokotwa. Walijihifadhi wenyewe, jikoni na zizini, kwa neno moja baada ya jingine, mama kwa mtoto.

SUMU ILIYOKUWA NDANI YA SIFA

Pengine msomaji atasema: kuna ubaya gani mtu akiambiwa kwamba ni Mwisraeli? Si ni sifa? Kwa hakika ndani ya sifa hiyo mlikuwa na sumu.

Mwaka 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walipanda kutoka Pangani mpaka Vuga wakamwona Kimweri akiwa mzee mgonjwa. Huyo Speke alirudi Afrika Mashariki katika safari nyingine, na mwishoni mwa mwaka 1861 akakaa Karagwe kwa Mfalme Rumanika. Alimweleza mfalme kwamba ukoo wake unatoka Ethiopia, akaunasibisha hata na Mfalme Daudi. Katika kitabu chake cha mwaka 1863 alieneza nadharia kwamba watawala wa nchi za Maziwa Makuu ni wageni wa asili bora waliowashinda wenyeji. Wasomi wa baadaye waliikuza nadharia hiyo, wakafundisha kwamba kila jambo jema la Afrika, likiwa ufalme, chuma au ufugaji, lililetwa na watu wa nje. Kwa nadharia hiyo, hata ufalme wa Vuga usingeweza kuwa kazi ya Wasambaa wenyewe.

Mbegu hiyo ilioteshwa na wakoloni nchini Rwanda, ambako Watutsi walifundishwa kwamba wao ni wageni bora na Wahutu wakafundishwa kwamba ni watwana. Mavuno yake yalikuwa ya kutisha. Tarehe 22 Novemba 1992, mwanasiasa Léon Mugesera alihutubia umati huko Kabaya, akadokeza kwamba Watutsi warudishwe Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Mwaka 1994, katika mauaji ambayo kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa yaliwaangamiza watu wapatao 800,000, maiti zilielea kutoka mto huo, zikaingia Kagera na kufika Ziwa Victoria. Wavuvi wa pwani zetu walizikuta. Hadithi iliyoanza kama sifa ya nasaba tukufu iliishia majini.

Haki yatutaka tuseme pia kwamba si kila simulizi la asili ya mbali ni uongo. Walemba wa Zimbabwe na Afrika Kusini walishikilia kwa muda mrefu kwamba mababu zao walitoka ng’ambo ya bahari, na uchunguzi wa nasaba kwa njia ya damu, uliochapishwa kuanzia mwaka 1996, ulionyesha kwamba baadhi ya mababu zao wa kiume walitoka Mashariki ya Kati. Wazee hawakuwa wakibuni. Lakini damu haisemi mtu alisali vipi, wala haimfanyi kuwa bora kuliko jirani yake.

WALIOCHAGUA WENYEWE

Jirani zetu wa Uganda watupa mfano wa njia nyingine. Semei Kakungulu alikuwa jemadari wa Kiganda aliyewatumikia Waingereza na kuongozwa na wamisionari wa Kiprotestanti. Alisoma Biblia kwa bidii, akafika mahali akaona kwamba amri za Agano la Kale hazikufutwa. Mwaka 1919, karibu na Mbale, alitahiriwa pamoja na wanawe, akatangaza kwamba wao ni Wayahudi. Wafuasi wake waitwa Abayudaya, maana yake watu wa Yuda. Alifariki mwaka 1928. Idi Amin alipowapiga marufuku katika miaka ya 1970 wengi waliiacha imani hiyo, lakini wachache waliificha majumbani mwao mpaka utawala wake ulipoanguka mwaka 1979.

Jambo la kupendeza ni hili: Abayudaya hawadai kuwa damu ya makabila kumi. Husema wazi kwamba wazee wao walichagua. Hawakuhitaji kukana Ugisu wala Uganda ili wamwabudu Mungu kwa namna waliyoamini. Mtu aweza kukubaliana na imani yao au kutokubaliana nayo, lakini hawezi kuwaita watu waliopotea wakaokotwa na mgeni.

NANI ALIYEPOTEA?

Makala haya hayakuandikwa kumvunja moyo Mkristo mwenye wito. Kutafuta aliyepotea ni kazi tukufu, na dini zetu zote zaisifu. Kosa la watafutaji wengi lilikuwa kumwita mwenzao aliyepotea kwa sababu tu wao hawakumjua. Msambaa wa Mlalo alijua kilima chake, mto wake, kaburi la babu yake na jina la mfalme wake. Mmasai alijua rika lake na alama ya ng’ombe wake. Aliyekuwa hajui njia ni mgeni, naye ndiye aliyehitaji kuongozwa.

Na kwetu sisi tunaoishi mijini lipo swali jingine. Katika nyumba ngapi za Dar es Salaam, Tanga na Arusha, zenye wazazi waliotoka Bumbuli, Mlalo au Mtae, mtoto hawezi kumsalimu bibi yake kwa Kisambaa, wala hajui ukoo wake, wala hajapata kusikia habari za Mbegha na mbwa wake? Mtoto asiyepewa historia ya kwao hubaki na nafasi tupu moyoni, na nafasi tupu haikawii kujazwa. Atakuja mtu na kumwambia kwamba asili yake ni Samaria, naye atasadiki, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba asili yake ni Vuga.

Taifa letu halikujengwa juu ya ubora wa kabila lolote. TANU iliweka undugu wa binadamu mwanzoni kabisa mwa ahadi za wanachama wake, na Kiswahili kikatupa sote lugha ya kuelewana. Lakini undugu huo hautudai tusahau tulikotoka. Mwacha asili, walisema wahenga, ni mtumwa. Wambugu wameweza kusema Kimbugu nyumbani, Kisambaa sokoni na Kiswahili mkutanoni, na hakuna hata kimoja kilichomzuia mwenzake.

Basi likizo ijayo, mzazi atakayepanda na wanawe kutoka Mombo asiishie kuwaonyesha maporomoko ya Soni. Awafikishe kwa mzee aliyebaki nyumbani, awakalishe chini, amwombe mzee aseme. Wasimletee jibu mfukoni. Wamuulize tu anavyojiita, alivyoitwa baba yake, na lile neno la zamani ambalo siku hizi hakuna anayelitumia isipokuwa yeye.